Santuri Iliyojikokota

Mke wangu mdogo Zuhura,

Sie huku Temeke wazima. Bibi yako mguu umepona. Ulimi ndo haujawahi kuugua. Kasikia nakuita mke wangu, kanuna.

Unauliza, katika santuri za yule Mmarekani mpiga piano mwenye bendi kubwa, uanze na ipi. Umeuliza penyewe! Enzi za Mwingereza, Dar nzima hakuna aliyepuliza tarumbeta kama mie.

Bendi yetu ilishindana na klabu ya dansi ya Kariakoo. Atakayeshindwa hapigi dansi la Idi. Tukajifunza wimbo mmoja wa huyo bwana kwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Kumbe springi imechoka, santuri inajikokota, na sie tukaushika hivyohivyo.

Siku yenyewe Kariakoo wakaanza. Wimbo uleule, lakini unakimbia kama umeiba kuku! Mpiga ngoma wetu akanivuta shati.

"Kaka, tumekwisha. Na sie tukimbize?"

"Tukimbize tusichokijua? Piga tulivyozoea."

Tukapiga polepole. Watu wakazubaa kwanza. Halafu wazee waliokaa ukutani wakainuka, wakawashika wake zao, ukumbi ukajaa. Bibi yako, wakati huo msichana wa watu, akanipigia kelele: "Wewe, punguza maringo, ongeza wimbo!"

Idi ile tulipiga sie.

Basi anza na zile za polepole, mama. Za mbio nilizisikia baadaye, tamu kweli. Ila ukiwa peke yako huko ugenini, ya polepole inakungoja.

Mumeo asiye na mpinzani,
Babu