Taya la Baba

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi ya Boito. Goti lako linaendeleaje? Na mvua, imefika hapo nyumbani? Mimi niko hai, ila nimechoka, Mama. Ninaandika kwa sababu kuongea kwenye simu bado kunanichosha shingo.

Tangu nikutumie picha yangu baada ya operesheni ya taya, umenyamaza. Dada Akinyi ameniambia ulichosema: "Huyu si mtoto wangu. Wamemtoa baba yake usoni." Niliumia sana. Najua tangu tumzike Baba ulikuwa ukiniangalia mimi unamwona yeye, kwa sababu ya lile taya letu lililotangulia mbele.

Lakini meno yangu hayakuwahi kukutana. Kichwa kiliniuma kila zamu hapa kiwanda cha chai, na nyama nilikuwa nameza bila kutafuna. Sikufuata urembo. Daktari alirudisha taya nyuma, akanieleza kwamba misuli ya shingo imejishikiza hapo, kwa hivyo ni lazima izoee upya, kama ng'ombe aliyehamishiwa kigingi kingine. Asubuhi shingo huwa ngumu hata nikitaka kutazama kando nageuka mwili mzima. Ngozi ya chini ya kidevu nayo imelegea, na vijana wa kiwandani sasa wananiita guka, yaani babu. Wacha waseme.

Nimezungukwa na chai na siwezi kunywa ya moto. Jirani yangu, Mama Chebet, huniletea mursik, yale maziwa yao ya kibuyu. "Kunywa tu, Odhiambo," ananiambia. "Hii haitaki meno." Nakunywa, nalala, naamka na uchovu uleule.

Jana nikinyoa ndevu nilimtafuta Baba kwenye kioo, na mimi pia sikumwona. Kwa hivyo sikulaumu. Ila kumbuka alivyokuwa akiisogeza sahani na kusema ameshiba, na nyama bado iko. Hakuwa ameshiba, Mama. Alikuwa na maumivu haya haya, akavumilia hadi kaburini. Mimi nimeshindwa kuvumilia.

Nisalimie Akinyi, umwambie sijakasirika. Nisalimie na Mjomba Were anayetuangalizia ng'ombe.

Nakuja mwisho wa mwezi. Nitasimama mlangoni. Ukinikubali, nishike kidevu, lakini shika kwa nguvu. Bado kina ganzi, nisije nikasimama hapo nimeshikwa na mama yangu, nisijue.

Ni mimi mwanao,
Odhiambo