Mfupa wa Anyesi

Moshono, Arusha
11 Machi

Kaka yangu mpendwa Lengai,

Shikamoo kaka. Bwana asifiwe. Naomba barua hii ikukute mzima, pamoja na wifi Nanyori, mama yetu Yeyo, na mwanao mdogo Nice ambaye nasikia siku hizi anafukuza mbuzi peke yake. Shingo ya Yeyo inaendeleaje? Bado anageuka mwili mzima akitaka kumtazama mtu aliyekaa pembeni? Mpe shikamoo yangu, na umwambie ile shuka aliyonipa ndiyo ninayojifunika. Mahindi mmeshapanda? Huku kwetu mvua imeanza kwa fujo, njia ya kuingia kwangu ni tope tupu, na mwenye nyumba ametuwekea mawe ya kukanyagia. Binti yako Anyesi hapa kwangu anakula vizuri na analala vizuri. Amejifunza kufuma vitambaa vya meza na amekwisha maliza kimoja cha mama yake.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu zipo. Simu yako unaipokea ukiwa na watu, halafu unaiweka sauti ya juu ili Yeyo naye asikie. Nimejaribu kukupigia zaidi ya mara moja nikaishia kuuliza habari za mbuzi. Ndiyo maana nimemkabidhi barua hii Gadiel wa gari la maziwa akuletee mkononi. Hadi hapa unaweza kumsomea Yeyo. Yanayofuata soma peke yako, halafu utaamua mwenyewe nani asikie.

Unakumbuka Dakta Allen alipotukalisha mimi na wewe kabla ya kumpasua Anyesi mguu wa kulia ili aunyooshe. Alieleza kwamba angechukua kipande kidogo cha mfupa, kama punje ya haragwe, kije kuchunguzwa kwenye maabara ninayofanyia kazi. Uliweka sahihi, ukanishika mkono, ukasema mimi ndiye nitakuwa macho yako huko ndani. Kaka, nimetazama. Ninachokuandikia ni kile nilichokiona.

Hujawahi kuingia pale kwetu, kwa hiyo nikueleze kidogo. Hadubini yetu haipigi picha moja. Inapiga kwa mwanga wa leza tabaka la juu, kisha la chini yake, kisha la chini zaidi, mamia ya picha, kama mtu anayekata mkate slesi nyembamba bila kutumia kisu. Picha moja moja hazisemi mengi. Kazi yangu ni kuziingiza kwenye programu ya kompyuta inayozipanga upya mpaka kile kipande kisimame tena kizima mbele yangu kwenye skrini. Nakigeuza kwa mausi, nakitazama kwa chini, naingia kwenye vitundu vyake. Naiambia programu ipake rangi seli zilizo hai, ipime unene wa kuta, ihesabu. Nimeipenda kazi hii tangu siku ya kwanza. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningetamani kuizima kompyuta nisione.

Vile vidonge vya njano alivyomeza Anyesi kwa awamu mbili kabla ya operesheni vilikuwa na kazi yake. Dawa ile huingia kwenye mfupa unaoumbika siku hizo, na chini ya leza hung'aa. Mtoto ambaye mfupa wake unakomaa sawasawa, unamwona ana mistari miwili safi, na katikati ya mistari kuna mfupa mpya ulioongezeka. Kwa Anyesi sikuona mstari hata mmoja. Mng'ao ulikuwa umesambaa kila mahali kama maziwa yaliyomwagika kwenye maji.

Nilidhani nimekosea. Nilipanga picha upya, nikapunguza mwanga, nikapiga upande mwingine wa kile kipande. Mwisho nikamwomba mwenzangu Jackline afanye yeye tangu mwanzo, bila kumwambia ni cha nani. Alipomaliza alisema mtoto huyu anatengeneza mfupa mwingi lakini haukomai, ni kama tofali lisilochomwa. Akaniuliza mgonjwa ni nani. Nilimwambia nitamweleza baadaye, nikaenda kumpigia simu Dakta Allen.

Dakta Allen alikuja mwenyewe. Alikaa kwenye kiti changu, akakigeuza kile kipande huku na huku kwenye skrini. Kisha akaniambia kwamba mguu wa kushoto hataupasua. Alinionyesha eksirei mpya ya mguu wa kulia: umeanza kupinda tena, chini kidogo ya pale alipoweka vyuma. Akiukata na wa kushoto, huenda mfupa usiunge kabisa, na hapo mtoto atapoteza hata huku kutembea kwa magongo. Nilimuuliza dawa. Alisema hakuna dawa ya kukiondoa kilichokwisha ingia, ila kuzuia kisizidi kuingia, na kwa miguu yake muda umekwenda mno. Nikamwambia ana miaka kumi na mitatu tu. Akasema, “Najua.” Akachukua koti lake.

Najua umewaambia watu wa usharika kwamba siku ya kipaimara Anyesi ataingia kanisani akiwa amenyooka. Haitawezekana, kaka. Si mwaka huu wala mwingine.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelizunguka karatasi nzima. Anyesi analijua hili kabla yako, na anajua zaidi ya haya.

Alikuja maabara akitoka kliniki, akaomba aone mfupa wake. Sikuweza kumkatalia. Nilimpa mausi, akakigeuza taratibu, akasema ni pazuri, kama pango. Kisha akauliza mistari yake iko wapi, maana nyuma nilikuwa nimemwonyesha ya mtoto mwingine. Nikamwambia kwake haipo. Hakulia. Alikigeuza tena, akaniuliza, “Ni maji, shangazi?”

Kule wodini alilala na watoto wa upande wa pili wa mlima wenye miguu kama yake, na wazazi wao walikuwa wameambiwa ni maji. Sisi meno ya kahawia tuliyazoea, tulijua ni ya maji, hatukuona neno. Miguu tulisema ni kwa sababu alitembea mapema. Nilimwambia Anyesi kwamba sina uhakika. Lakini nilikuwa nao. Krismasi niliporudi mjini nilibeba chupa ya maji ya kisima cha nyumbani, na Magreth wa chumba cha kemia aliyapima. Floraidi iliyomo, yale madini yanayotia meno rangi ya kahawia, imepita mno kiasi ambacho mtu anaweza kunywa kila siku akabaki salama. Mfupa wa Anyesi umejaa hiyo hiyo. Dakta anafikiri hata kukakamaa kwa shingo ya Yeyo hakukutokana na ile ajali ya kuanguka.

Anyesi hakuniamini, akanishika mkono wa shati. Alisema, “Usimwambie baba. Mwambie nilizaliwa hivi.” Nikamuuliza kwa nini. Akasema, “Kile kisima alikichimba kwa ajili yangu.”

Anaijua hadithi yote, umemsimulia mwenyewe: mama yake alivyoteleza na ndoo korongoni akiwa amembeba mgongoni, na wewe ukaapa kwamba mtoto wako hatabeba maji kichwani. Anajua ulivyozunguka ofisi hadi ofisi, kanisani, kwa wafadhili, mpaka mashine ikaja kuchimba. Anajua watu wote pale wanakiita Kisima cha Baba Anyesi. Nilimwahidi sitasema. Nilidhani naweza. Ningekuandikia ni ugonjwa wa kuzaliwa, ungeomba, ungelia, ungeendelea kuishi.

Lakini juzi wifi alinitumia picha ya Nice na mbuzi. Niliitazama kama ninavyotazama picha zote sasa. Niliikuza. Kaka, magoti yake yameanza kuachana.

Ndiyo maana naandika. Wale waliokuja kupima walipima vijidudu, wakasema maji ni safi, na kwa vijidudu yalikuwa safi kweli. Hukujua. Hakuna aliyejua. Naandika hivyo nikijua kwamba haitakusaidia.

Utaniuliza mnywe nini. Maji ya korongoni nayo Magreth aliyapima, yana nafuu ndogo sana. Kuchemsha hakuondoi, kunazidisha. Magadi ya kwenye makande nayo yana floraidi, yaacheni kabisa. Mvua zikifika huko, zikingeni kwenye mapipa kwa ajili ya Nice, na zikiisha sijui. Nimeuliza kuhusu mitambo ya kuchuja, nimeambiwa tuandike maombi, na nimeandika. Majirani utawaambia au hutawaambia, mimi siwezi kukuchagulia. Asubuhi watakuwa pale na madumu yao kama kawaida.

Anyesi nitamleta Jumamosi. Anaamini hujui. Ukimwonyesha kwamba umejua, atajua nimevunja ahadi yangu, na sikuombi unifichie. Nakuomba tu umwache aseme yeye kwanza, kama atasema. Akishuka garini usikimbilie kumbeba, hapendi siku hizi.

Msalimie sana wifi Nanyori, na unisaidie kumpa Yeyo maneno ya kumtosha, maana atauliza barua ndefu hivi ilikuwa ya nini. Sote tuombeane.

Safari ni ya vumbi kuanzia Kisongo, hata mvua hizi hazijafika huko. Unamjua Anyesi, akifika nyumbani huomba maji hata kabla ya kukaa. Nimewaza tangu jana utampa nini.

Ni mimi mdogo wako,
Namnyaki