Sauti Iliyosoma Nami

Muthangari,
Nairobi.
18 Januari 2006

Mpendwa dada Nakhumicha,

Hujambo huko Winnipeg? Shemeji Mbithi na watoto wanaendeleaje na baridi? Sisi tu wazima. Baba goti linamsumbua, lakini bado anatembea hadi kanisani bila kushikwa mkono.

Mimi bado nasahihisha maandishi katika ofisi ya uchapaji mjini. Siku hizi kila kitu tunasomea kwenye kompyuta. Tangu tumzike Mama, macho yangu yalikuwa yakishuka hadi chini ya ukurasa na kichwani hakubaki kitu. Niliogopa kufutwa kazi.

Alhamisi mchana nilikuwa nasoma maelezo ya dawa ya homa ya watoto. Nilipofika mwisho, nikamkuta Sejal, mwenzangu ofisini, amesimama nyuma yangu, uso umembadilika.

"Unaambia nani mambo ya kijiko?" akauliza.

"Nasoma kimya," nikamjibu.

"Aa-aa, Lornah, umeongea. Na hiyo sauti si yako, ni ya mama mzee. Imesema, 'Kijiko kidogo, mama, si kikubwa.'"

Dada, Sejal hakuwahi kukutana na Mama. Nawe unakumbuka alivyowaambia wazazi maneno hayo hayo kwenye dirisha la dawa, miaka yote ya unesi wake. Nikarudi kwenye skrini. Ilikuwa imeandikwa kijiko kikubwa, nami nilikuwa nimeipitisha. Tulimpigia mteja simu, akashtuka: kweli ni kosa. Karatasi zile zingechapwa jioni hiyo.

Sasa nimebadilisha usomaji. Nimekuza herufi, nimepunguza mwanga, na nafunika mistari ya chini kwa kipande cha kadibodi. Nikimaliza aya, natazama pembeni na kumweleza Sejal inasema nini. Nikishindwa, narudia. Ninayoyasoma yameanza kubaki. Tena nasoma kwa sauti, nipate kujua anayesoma ni mimi.

Jana niliruka neno, nikanyamaza kuvuta pumzi. Neno lile likasomwa, polepole, karibu na sikio langu. Sejal alikuwa ametoka kununua chai. Sikugeuka. Nilirudi nyuma, nikalisoma.

Baba sijamwambia, nawe usimgusie kwenye simu. Yeye na shangazi Wanjira wanawasalimu sana. Wabusu watoto. Mungu awakinge na baridi hiyo.

Nijibu upesi, dada. Niambie kama huko nako umemsikia.

Mdogo wako akupendaye daima,
Lornah