Siafu wa Abu Hamour

Phyllis, uko? Nimetoka voliboli Abu Hamour sasa hivi. Nimechoka, na si mwili.

Si unajua Wakenya wa huku ughaibuni hucheza pale kila Ijumaa? Leo walikuja wasichana sita, manesi wapya, wote wa chuo chetu. CHETU! Nikasimama nikapiga kelele: Siafu! Siafu! Kazeni, Siafu!

Mchezo ukasimama. Wakaniangalia kama mtu aliyewatusi.

Kumbe nimewatusi. Kapteni wao, Chelsea, akaniambia kwa heshima kabisa, "Anti, timu inaitwa Chui tangu 2012. Siafu ni wale wa mwaka wa kwanza, wa kufagia uwanja na kubeba maji."

Wa kufagia uwanja, Phyllis.

Jina ulilotunga wewe mwenyewe, 2003, siku chuo kilipotunyima basi tukatembea kwa mstari hadi kwa mechi. Wewe mbele, mimi nyuma na neti kichwani. Na tukashinda!

Chelsea akauliza, "Kwani anti ulikuwa Siafu?"

Nikasema hapana. Nikasema nilikuwa shabiki tu. Nimetoka zamu ya saa kumi na mbili mfululizo, nguvu ya kueleza ningeitoa wapi? Nisamehe.

Mechi ilipoisha nikasaidia kufungua neti. Nikaikunja, nikaanza kuvuka uwanja kuipeleka kwa gari, nikiwaza usingizi tu.

Nyuma yangu nikasikia Chelsea, "Anti, mbona umeibeba kichwani?"

Phyllis, hata sikuwa nimejua iko huko.