Nafuma Chooni, Nyumbani Wanadhani Naumwa Tumbo

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba uwe wa haraka, kwa sababu Alhamisi ya tarehe ishirini na saba nitamezeshwa mpira wenye kamera ili madaktari waone tumbo langu lina nini, na mimi ndiye mtu pekee anayejua kwamba halina kitu.

Nina watoto watatu, wa kwanza binti wa miaka sita, wa pili mvulana wa miaka minne tunayemwita Mkaguzi kwa sababu hakuna anachokipita bila kukikagua, na kitindamimba ana mwaka na miezi minne. Kazini mimi ni karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, kutwa naandikisha watu wanaoumwa kweli, wameshika mashavu, halafu jioni narudi nyumbani kuumwa kwa uongo. Mume wangu ni fundi friji, mpole, hana neno na mtu, na hilo ndilo linalonitesa zaidi.

Chanzo ni kufuma. Mama yangu mzazi alinifundisha, nafuma kwa sindano mbili na kwa kulabu pia, na mimba ya kwanza ilipofika mwezi wa tano nilianza sweta jekundu la mtoto, nikafika kwapani, mtoto akazaliwa, akalipita. Nikasema basi litakuwa la wa pili, naye akalipita, nikalifumua na kulianza upya, na sasa limebaki la huyu wa mwisho, na mimi na baba watoto tumeshakubaliana kwamba wa mwisho ni wa mwisho. Kila nikikaa sebuleni na uzi, mmoja anataka maji, mwingine anataka kujua maji yanatoka wapi, na wa tatu anakuwa ameshalivuta donge hadi uvunguni mwa kochi. Siku moja Mkaguzi aliuzungusha uzi kwenye miguu ya viti vyote sita vya mezani, akaja fundi mwenzake na baba yake kuchukua mtungi wa gesi ya friji, akajikwaa, akaanguka nao. Hakuumia, lakini tangu siku hiyo akija kwetu anaongelea mlangoni.

Halafu mama mkwe akaja kukaa nasi anisaidie na mtoto, Mungu ambariki, na siku ya pili tu, tukiwa tunachambua mboga, akasema juu ya jirani mmoja: "Mwanamke anayefuma huku vyombo vimejaa kwenye karo, huyo nyumba imemshinda." Nikatazama karo letu. Siku hiyohiyo nikachukua sindano, uzi na sweta nikavitia kwenye ndoo tupu ya rangi yenye mfuniko, nikaiweka chooni nyuma ya mlango na juu yake nikatandika tambara la deki, maana nilijua hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kugusa tambara la deki kwa hiari yake.

Ndivyo tumbo lilivyoanza. Nilisema mara moja tu kwamba linanisumbua, nikafunga komeo, nikakaa juu ya mfuniko wa choo, nikafuma mistari minne bila kuitwa na mtu, na mshauri, sijui nikueleze vipi ile raha. Nikipiga deki, sakafu inachafuliwa kabla haijakauka, nikiosha vyombo vinatumika, nikimwogesha mtoto ananitazama usoni huku anakaa kwenye tope, lakini kitanzi nikishakifuma kimefumwa, kesho nakikuta palepale, ndicho kitu pekee ninachokifanya siku nzima ambacho hakuna anayekifuta. Basi kesho yake tumbo likauma tena, na keshokutwa, na sasa ni mwezi wa tano.

Nilifikiri watazoea. Sikujua fundi friji ni mtu wa namna gani. Mume wangu akatoa kile kijitabu anachoandikia hitilafu za mafriji ya wateja, akafungua ukurasa mpya, akaanza: Jumatatu dakika ishirini na mbili, Jumanne dakika kumi na tisa, Jumamosi dakika arobaini na moja. Akagundua kwamba tumbo huzidi siku za mapumziko na shule zikifungwa. Akaondoa pilipili, likauma. Akaondoa maharage, likauma. Sasa nyumba nzima tunakula viazi vya kuchemsha visivyo na chumvi, watoto wamenuna, na yeye mwenyewe amekonda hadi mkanda ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Juzi alikaa ukingoni mwa kitanda akaniambia, bila kunitazama, kwamba mama yake alikuwa na tumbo hilihili yeye alipokuwa mdogo, alikuwa anajifungia chooni mpaka watoto wanapanga foleni mlangoni, madaktari hawakuona kitu, likaja kupona lenyewe mdogo wao wa mwisho alipoanza shule. Akasema, "Mama alipona kwa bahati. Wewe sitaki tubahatishe." Ndipo akaniambia ameshaomba ruhusa kazini na kipimo amekipanga. Nilitaka kusema palepale, nikaishia kumshukuru.

La kusikitisha zaidi ni kwamba mama mkwe naye limeanza kumuuma. Mchana anabaki na kitindamimba, na binti yangu anayerudi shule mapema anasema siku hizi mtoto akilala bibi anakaa sana chooni. Naogopa nimemwambukiza ugonjwa ambao sina. Na mimi mwenyewe naona akili imechoka, maana niliacha sweta lina mistari kumi na saba juu ya kwapa, kesho yake nikahesabu ishirini na moja. Halafu mkono wangu hukaza uzi mno, mama alikuwa ananisema tangu utotoni, lakini hiyo mistari ya juu imelegea vizuri, laini, kama imefumwa na mtu mwenye nafasi. Nimejiambia ni uchovu.

Wiki iliyopita Mkaguzi aliniumbua, au alikaribia. Alilala sakafuni akachungulia chini ya mlango, na wakati wa chakula akatangaza kwamba chooni kuna kamba nyekundu. Kabla sijafungua mdomo mama mkwe akamwambia kwamba hiyo ni kamba ya kudekia, ale viazi vyake. Nashukuru kwamba macho yake siku hizi hayaoni vizuri.

Sasa niambie, niumeze huo mpira nikae kimya, au niseme nionekane mke aliyemkondesha mumewe kwa ajili ya sweta? Au niache kufuma kabisa? Hilo la mwisho nimeliandika nikalikata, nikaliandika tena.

Wako,
Mwenye Tumbo

MSHAURI ANAJIBU

Mwenye Tumbo,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Pole kwa uchovu. Nakupa pole hiyo moja, zilizobaki nampelekea mumeo.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Mficha afya hawakumwekea methali, nadhani hawakujua kwamba yupo. Lakini walisema pia njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia Alhamisi. Gazeti hili linatoka Jumamosi tarehe ishirini na mbili, kwa hiyo una siku tano, na mpira humezi. Jumatatu asubuhi piga simu hospitali mwenyewe, uiachie hiyo nafasi. Wewe ni karani wa mapokezi, huhitaji mimi nikueleze maana ya mtu mzima kukalia zamu ya mgonjwa.

Kabla ya hospitali kuna mumeo, naye ni leo. Mwanamume anayeandika dakika za mkewe chooni hakupelelezi, anaogopa. Anadhani utakufa, dada. Miezi mitano anakula viazi bila chumvi akijiuliza atawalea vipi watoto watatu peke yake, na wewe uko hatua tatu kutoka kwake, nyuma ya komeo, unahesabu vitanzi. Kama ulitegemea nikuonee huruma hapo, sina. Usimwambie kwa utani wala mbele ya watoto. Mketishe, mpe sweta alishike, useme: "Tumbo langu halina kitu. Nilikuwa nafuma, nikakutia hofu, nisamehe." Halafu nyamaza. Atakasirika, na ana haki. Usimkatize na habari za uchovu wako, zamu yako itafika, na ikifika mwambie lile uliloniambia mimi kuhusu kitanzi kinachobaki kimefumwa. Umelisema vizuri. Yeye ni fundi, na friji alilotengeneza hakuna anayekuja kulifumua kabla ya jioni, kwa hiyo hajawahi kulifikiria. Ungemwambia mwezi wa kwanza, tusingefika hapa.

Sasa twende kwenye usilolijua.

Uzi haujifumi. Mistari kumi na saba haiwi ishirini na moja ndani ya ndoo, hata ungeifunika mwaka. Na mkono unaokaza tangu utotoni haulegezwi na uchovu, uchovu huzidi kuukaza. Umeandika mwenyewe kwamba mistari ile ni kama imefumwa na mtu mwenye nafasi. Nani hapo nyumbani ana nafasi mchana, mtoto akilala? Nani ameanza kukaa sana chooni? Nani alimjibu Mkaguzi kabla yako, na wewe toka uzaliwe umeona wapi kamba nyekundu ya kudekia? Macho yake ni mazima kabisa, yamefuma mistari minne kwenye mwanga wa choo. Mama mkwe wako anafuma, bibie. Alikuwa anafuma chooni kabla hujamjua mwanawe, ndiyo maana tumbo lake lilipona mtoto wa mwisho alipoanza shule. Alipokuona unaingia na kufunga komeo, nadhani ugonjwa aliutambua siku ileile. Tambara la deki ulilitegea watu wa nyumba hiyo, ukasahau kwamba aliyehamia hapo ni mwanamke aliyepiga deki maisha yake yote.

Utaniuliza mbona alimsema jirani. Simjui mama huyo, lakini kiti hiki nimekikalia miaka mingi, na neno kali namna ile mtu kwa kawaida hakulitunga, aliambiwa. Nakisia aliambiwa yeye, karo lake likiwa limejaa, na aliyemwambia alikuwa mama mkwe wake. Amelibeba hadi uzeeni, akakutana na karo lako, likamtoka. Baadaye akakuta ndoo, akaelewa amekufanya nini, akaona haya. Wazee wengine hawajui kusema wamekosea, wanakufumia mistari minne. Ipokee hivyohivyo, usisubiri nyingine.

Ukishamalizana na mumeo, ichukue hiyo ndoo mchana kweupe, ipitishe sebuleni, iweke juu ya meza ya jikoni mbele ya mama, umwambie: "Mama, nikifika begani huwa nakosea. Nielekeze." Basi. Usimuulize kwa nini, usimwambie umejua. Mtu mzima haumbuliwi nyumbani kwa mwanawe.

Kufuma usiache. Anayeacha kitu kama hicho kwa ajili ya watoto huja kuwadai watoto. Lakini chooni basi. Kuanzia sasa ni nusu saa kila jioni, watoto wakishakula, sebuleni, wewe na mama kwenye kochi moja. Nusu saa hiyo watoto ni wa baba yao, wakiita mama ajibu baba, na kijitabu chake cha dakika akitumie kuwapa nyinyi muda wenu kamili. Vyombo viache karoni, havina miguu. Donge la uzi litie ndani ya birika kuukuu, ufunike, ncha ya uzi uitoe kwenye mdomo wa birika, hapo hata likivutwa halitembei. Binti mpe kulabu nene afume mnyororo, kazi ambayo mtoto hawezi kuiharibu. Mkaguzi mpe ukaguzi, ahesabu mistari kwa sauti, na ikizidi safari hii mtajua ni nani. Kitindamimba mpimeni kila Jumapili, maana anakua na huyo hamngoji mtu. Sweta litakuwa limekaza huku na kulegea kule. Usifumue hata kitanzi kimoja.

Na leo hii pika chakula chenye chumvi.

Limebaki moja. Mumeo anakumbuka foleni mlangoni na mama asiyetoka. Hajui mpaka leo kwamba nyuma ya mlango ule kulikuwa na sindano mbili na uzi, na binti yako ana miaka sita, ndiyo kwanza anaanza kukumbuka. Siku moja mkiwa mmekaa wote, mama akishazoea kushika uzi mbele za watu, mwache mumeo amuulize mwenyewe miaka ile alikuwa anamfumia nani. Huenda sweta lile alilivaa yeye.