Kitunguu Saumu Chenye Mashavu Mekundu

Mama yangu wa kijijini Tumati, shikamoo.

Huku Japani hata gari la takataka limechorwa macho na tabasamu, nami, afisa kilimo mzima, nimependa mambo haya hadi naona aibu. Jana kwenye sherehe ya mavuno alikuja mtu amevaa vazi la kitunguu saumu, kubwa kama pipa, lenye mashavu mekundu. Watoto wakapanga foleni kumkumbatia. Nilitamani, nikasita. Mara mwalimu wetu wa mafunzo ya kilimo hapa, mzee asiyecheka kamwe darasani, akajipanga nyuma yao! Akanigeukia: "Njoo, hapa hakuna mtu mzima."

Nikakumbatiwa, Mama, nikalia. Miezi mitatu sijakumbatiwa na mtu. Ndani ya vazi ikatoka sauti ya bibi, mwalimu akanitafsiria: "Anauliza, kwenu mnalima vitunguu saumu?"

Nikajibu, "Mama yangu analima, na ndivyo vilivyonisomesha."

Yule bibi akavua kichwa cha vazi, jasho linamtiririka, akainama kwa heshima. Anakusalimu sana, mkulima mwenzake.

Jifunike vizuri asubuhi, baridi ya huko naijua.

Binti yako akupendaye,
Paulina