Sauti ya Kaka Anayeishi Kigoma

Kigoma, 9 Juni 2024, mwaka wa arobaini na mbili tangu nishuke kutoka Mgeta, kwetu milimani Morogoro.

Mpendwa mshauri, nipokee na mzigo wangu. Mdogo wangu Athanas, mkulima wa kabichi kule milimani, ana skizofrenia, na sauti anayoisikia ni yangu mimi, inamwambia kwa Kiluguru asile chakula cha mkewe Kristina kwa kuwa kina sumu, nami sijawahi kutamka neno kama hilo, lakini alikonda hadi suruali ikafungwa kwa kamba. Alianza kuchomwa sindano kila mwezi, ikampunguzia vurugu ila sauti ikabaki, ndipo Morogoro mjini akapata mtaalamu wa saikolojia ambaye hakumbishia wala hakumcheka, alimwuliza tu, "Kaka yako yuko wapi sasa hivi? Tutajuaje?" Wakakubaliana sauti ikija anipigie simu.

Basi hupiga.

"Shikamoo kaka. Umenisemesha?"

"Marahaba. Sijakusemesha, niko Kigoma nachambua dagaa."

"Mbona yeye bado anasema?"

"Basi huyo si mimi. Mmepika nini?"

"Ugali na njegere."

"Kula, zisipoe."

Nami husikiliza akitafuna.

Sasa mke wangu amefariki, na Catherine, binti wa Athanas, ananisihi, "Baba mkubwa, rudi. Huko unazeeka na nani, na dagaa?" Natamani kurudi, nautamani hata ule ubaridi wa asubuhi niliokuwa nikiulaani, lakini nikiishi naye ua mmoja, atanitofautishaje na yule? Nirudi, au nibaki?

*Jibu la mshauri*

Mzee wangu, shikamoo. Pole kwa msiba, na pole kwa ugonjwa kukuibia sauti.

Sasa nikugombeze. Umeniuliza mimi, umejiuliza mwenyewe, Athanas hukumwuliza. Anaumwa, hajafa. Tena usijifanye wewe ndiye dawa. Mazungumzo yale huenda pamoja na sindano, hayachukui nafasi yake. Akitaka kuiacha kwa kuwa amepata nafuu, mwambie aongee na daktari kwanza. Na simu yako isiwe mkongojo wake pekee, maana wewe ni mtu mzima na simu huzimika: mtaalamu amfundishe njia nyingine pia.

Athanas akiridhia, zungumzeni nyote watatu, wewe, yeye na mtaalamu wake. Mwulize waziwazi. Atakachosema kiheshimu, hata kikikuuma.

*Mzee aliandika tena*

Marahaba, mshauri. Tumezungumza. Mtaalamu alisema inawezekana, tukienda polepole. Kisha Athanas akasema:

"Kaka, nakutamani sana. Lakini nikisikia 'usile', nawe uko nyuma ya nyumba, nitageuka kutazama. Nikigeuka mara moja nitageuka kila siku. Sasa hivi nakula, kaka."

Nikamwambia amejibu vizuri. Catherine alilia, nikambembeleza.

Sitarudi Mgeta.